Ipe Feni Njia Yake: Datsun 240Z kwenye Joto la Dodoma

Gari likichemsha kwenye foleni, halafu likapoa lenyewe ukishashika barabara kuu, shuku feni. Likitulia vizuri kwenye foleni, halafu mshale wa joto ukapanda ukiwa kilomita 90 kwa saa, feni iache. Tafuta rejeta iliyoziba, thamostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) iliyokwama, taimingi (wakati wa cheche) iliyopotea au pampu ya maji iliyochoka. Ukishapita kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo unaoingia kwa mbele unatosha kupoza rejeta yenye afya, na feni yoyote ile, ya mkanda au ya umeme, haina kazi kubwa tena.

Naanza na hili kwa sababu wenye magari ya zamani wanakuja gereji wakiwa wameshajipa jibu: "Fundi, nifungie feni ya umeme." Wengine ndicho wanachohitaji. Wengine wanafunika ugonjwa mwingine, na feni itausitiri mpaka Oktoba ifike.

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kupima gari Dodoma. Mvua haijaanza, jua linapiga tangu asubuhi na lami inarudisha joto juu. Mji nao umebadilika. Tangu Serikali ihamie hapa, jioni watu wakitoka Mji wa Serikali kule Mtumba, barabara ya Dar es Salaam inakuwa na misururu ya magari ambayo zamani hatukuijua. Gari linasogea hatua mbili, linasimama, linasogea tena. Injini inazunguka polepole, na feni ya mkanda inazunguka polepole vilevile kwa sababu inaendeshwa na injini hiyohiyo. Gari linakosa upepo pale pale linapouhitaji zaidi.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Siku nyingi nashinda na starta, altaneta (inayochaji betri) na magari ya kisasa yaliyowasha taa ya injini. Kazi ninayotaka kuisimulia ni ya Datsun 240Z ya mwaka 1972, mali ya mzee mmoja wa hapa mjini anayelipenda gari lake kwa dhati. Anayelijua gari hili ataelewa. Ni la milango miwili na viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita za mstari mmoja ya cc 2393, kabureta mbili. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena mwaka 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, enzi hizo mashindano yakiitwa ya Afrika Mashariki. Gari lililopita kwenye vumbi na tope la nchi hizi kwa kasi namna ile halikuundwa kwa upoozaji mbovu. Hilo nalitilia mkazo, kwa sababu watu husema haraka kwamba magari ya zamani "yalikuwa yanachemsha tu". Yakiwa mazima, hayakuwa yanachemsha.

Mzee alifika asubuhi, akalizima gari mbele ya geti, na injini ikaendelea kuunguruma sekunde kadhaa ndipo ikakata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umesikia mwenyewe? Siku hizi likizimwa halisikii."

Akanieleza mengine. Mshale wa ampea kwenye dashibodi unarukaruka. Akiwasha taa usiku, feni inapunguza sauti. Na kuna harufu ya plastiki inayoungua nyuma ya usukani, hasa mchana kwenye foleni. Feni ya umeme ilikuwa imeshafungwa na gereji nyingine, baada ya feni ya asili kuharibika. Gari bado lilikuwa linachemsha.

Ile feni ya asili hukaa mbele ya pampu ya maji na huwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikipata moto klachi inashika, ikipoa inaachia. Mafuta yakishavuja, feni inabaki kuzungushwa na upepo tu. Kuijua ni rahisi: zima injini ikiwa ya moto, subiri kila kitu kisimame, kisha zungusha pangaboi kwa mkono. Ikizunguka huru bila ukinzani wowote, klachi imekufa. Kwa maoni yangu, mtu akipata klachi mpya ya gari lake kwa bei anayoimudu, aifunge hiyo na aachane na umeme. Ya mzee ilikuwa imekufa, pangaboi lina ufa, na kupata nyingine kungemaanisha kuagiza nje na kusubiri. Kwa hiyo feni ya umeme lilikuwa wazo zuri. Lililoharibika lilikuwa namna ilivyofungwa.

Nilifungua boneti nikakuta feni ndogo imekaa mbele ya rejeta, imefungwa kwa zile kamba za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta. Kamba hizo zinauzwa pamoja na feni na zinapendwa kwa sababu zinamaliza kazi haraka. Lakini gari linatikisika, feni inatikisika, na kamba inasaga mapezi kidogokidogo mpaka inafika kwenye mirija. Hapa tayari mirija miwili ilikuwa na alama za kusagwa.

Kisha nikafuata waya. Ulikuwa mwembamba, unapita kwenye tundu la ukuta wa injini bila mpira wa kuukinga, unaingia chini ya dashibodi na kuungwa kwenye waya unaotoka swichi ya funguo kwenda koili, ile inayotengeneza cheche za plagi. Hakukuwa na relei (swichi inayotumia umeme mdogo kuamrisha umeme mkubwa) wala fyuzi. Niliwasha injini, nikaweka mita kwenye betri: volti 13.6. Nikaweka kwenye waya mbili za feni yenyewe: volti 11.1. Volti 2.5 zilikuwa zinapotea njiani, na feni ilikuwa inavuta ampea 12. Zidisha: wati 30. Wati hizo zilikuwa zinageuka joto ndani ya waya mwembamba na ndani ya swichi ya funguo yenye umri wa nusu karne. Harufu aliyoisikia mzee ilikuwa inatoka huko. Nilipochomoa soketi ya swichi, plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia na kulainika upande mmoja.

Injini kutosikia ikizimwa nako kulitoka hapohapo. Mota ya feni ikikatiwa umeme huku pangaboi bado linazunguka, inageuka jenereta. Feni ilikuwa imeungwa kwenye waya wa koili, kwa hiyo ufunguo ukizimwa, feni ilikuwa inairudishia koili umeme mpaka ipoteze kasi. Mzee alikuwa ameshaambiwa kabureta zina kasoro na alikuwa akijiandaa kuzifumua. Niliuchomoa waya wa feni, nikamwambia alizime gari. Likakata papo hapo.

"Kumbe kabureta hazina kosa," akasema.

"Hazina kosa lolote, mzee. Usiziguse."

Sikukimbilia kufunga feni nyingine. Rejeta ilipelekwa kwanza kwa fundi rejeta, kwa sababu kipimajoto cha kupiga kwa mbali kilionyesha vipande vya baridi katikati yake wakati pembeni kuna moto. Mrija ulioziba hauna maji ya moto ndani yake, kwa hiyo unaonekana wa baridi. Rejeta za zamani ni za shaba na hufunguka. Fundi aliyeyusha risasi ya tangi la juu, akalitoa, na tukaona utando mweupe mgumu umejaa kwenye midomo ya mirija. Hayo ni maji ya visima. Maji yetu mengi hapa Dodoma yana chumvi, unaiona kwenye sufuria na kwenye birika, na ndani ya injini inajenga ukuta uleule. Alipitisha chuma chembamba mrija kwa mrija, akaziba ile miwili iliyosagwa, akairudisha. Tangu hapo gari lina kulanti iliyochanganywa na maji yale yanayouzwa kwa kuongezea betri, si ya bomba.

Mfuniko wa rejeta nao ulibadilishwa. Watu huudharau, lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba unayabana maji mpaka yanahitaji kufika karibu nyuzi 116 ndipo yachemke. Mfuniko uliolegea springi au kukatika mpira unalirudisha gari kwenye nyuzi 96, na hapo injini iliyo na joto lake la kawaida kabisa, ikipanda kidogo tu kwenye foleni, inaanza kutapika maji. Nimeshaona magari yakifungwa feni mbili kwa sababu ya mfuniko.

Feni tuliyochagua ilikuwa ya mtumba, ya inchi 14, kutoka kwenye Toyota ndogo ya injini iliyokaa kwa upana. Magari hayo yote hutumia feni za umeme kwa sababu injini yake haitazami rejeta, kwa hiyo spea zimejaa. Faida ya feni ya kiwandani ni mota yake imara na kava lake. Kava ni muhimu sana. Feni isiyo na kava inavuta upepo kwenye duara lake tu, pembe za rejeta zinabaki bila kazi. Ikiwa na kava lililobana vizuri, rejeta nzima inapumua.

Kabla ya kulipa, niliipima palepale dukani kwa betri na mita ya kukamata waya, ile inayosoma umeme wa betri. Mota ikianza, ampea zinaruka juu sana kwa nukta moja, kisha zinatulia. Hii ilitulia kwenye ampea 13. Nilishika pangaboi na kulisukuma mbele na nyuma kuhisi kama bushi zimekwisha. Nilisikiliza. Muuzaji wa spea anayekataa ujaribu feni kwa betri, mwache na feni yake.

Jambo la mwelekeo linachanganya wengi. Ukigeuza waya chanya na hasi, mota inazunguka kinyume, na mtu anadhani ameshageuza feni ya kuvuta kuwa ya kusukuma. Lakini mapanga yamepindwa kwa ajili ya upande mmoja. Yakizungushwa kinyume yanasukuma upepo kidogo na kupiga kelele nyingi. Feni ya kukaa nyuma ya rejeta ivute kuja kwenye injini, basi. Kipimo chake ni kipande cha gazeti: feni ikiwaka, gazeti ulilolishikilia mbele ya rejeta linyonywe na kubaki limeganda pale hata ukiliachia. Likianguka, kuna kitu hakiko sawa.

Nilitoa feni ya zamani na klachi yake. Hapa pana mtego. Boliti zilizoshika feni ndizo hushika puli ya pampu ya maji, na ukishaondoa klachi unene umepungua. Boliti zilezile zinaweza kufika mwisho kabla hazijabana puli. Tuliweka fupi zaidi, na kuhakikisha puli haichezi hata kidogo. Kisha nikakata boksi kwa umbo la feni na kava, nikaliweka kati ya rejeta na pua ya pampu, nikapima nafasi. Injini inakaa juu ya mipira na huweza kusogea mbele ukifunga breki ghafla, kwa hiyo nataka walau sentimita mbili kati ya mgongo wa mota na pampu. Zilikuwepo na zaidi.

Kushikiza tulitumia flati baa mbili, juu na chini, zimefungwa kwenye masikio ya pembeni ya rejeta ambako kuna chuma kigumu. Hakuna kitu kilichogusa mapezi. Kati ya kava na rejeta niliweka vipande vya mpira wa tyubu ya gari, vinazuia upepo kupita pembeni na pia vinameza mtikisiko.

Sasa umeme, ambao ndio nilioitiwa. Mzee alikuwa na sharti lake: "Sitaki waya zinazoning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Nikifungua boneti nione Datsun." Nililiheshimu, kwa sababu waya uliofichwa vizuri ndani ya bomba lake na kufuata njia ya waya za kiwandani ndio pia unaodumu.

Magari ya miaka ile yana mzigo mdogo wa umeme na waya zilipimwa kwa mzigo huo. Kwenye 240Z, umeme wa taa kubwa unapita moja kwa moja kwenye swichi ya usukani, na boksi la fyuzi lina sifa ya kuyeyuka kwenye laini za taa. Ukimtwisha mtu mzima kama huyo ampea 13 nyingine, ataanguka. Kwa hiyo feni inapewa njia yake yenyewe, isiyogusa swichi wala boksi la zamani. Swichi na sensa zibaki kutoa amri tu.

Relei ya kawaida ya ampea 40 ina miguu minne inayotuhusu. Mguu 30 unapokea umeme mkubwa kupitia fyuzi. Mguu 87 unaupeleka kwenye feni. Miguu 85 na 86 ni ya koili ndogo ya ndani, inayotumia kama robo ya ampea au chini yake. Nilitumia waya wa milimita 4 za mraba kutoka chanzo mpaka relei, relei mpaka feni, na pia feni mpaka hasi. Wengi hununua waya mnene wa chanya, halafu hasi wanaikunja chini ya skrubu yenye rangi na kutu. Umeme unaokwenda lazima urudi, na njia mbovu ya kurudi inapoteza volti sawasawa na njia mbovu ya kwenda. Waya wa milimita 1.5 wa urefu wa mita 3, kwa ampea 14, unapoteza karibu nusu volti. Wa milimita 4 unapoteza chini ya robo volti kwa masafa hayohayo. Baada ya kumaliza nilipima tena: betri 13.7, feni 13.4.

Fyuzi ni ya ampea 30, na imekaa jirani kabisa na pale umeme unapochukuliwa. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka karibu na feni, waya wote wa nyuma yake hauna mlinzi, na ukisagika kwenye bodi utaungua kabla fyuzi haijajua lolote.

Kijana ninayemfundisha aliuliza swali zuri: "Fundi, kwa nini tusichukue umeme kwenye kichwa cha betri? Pako karibu." Kwenye magari mengi ningemwambia sawa. Kwenye hili, hapana, kwa sababu lina mita ya ampea kwenye dashibodi. Mita hiyo imekaa kati ya betri na mzigo wa gari, na altaneta imeunganishwa upande wa mzigo. Ukiunga feni kwenye kichwa cha betri, umeme wa altaneta unaokwenda kwenye feni utapita ndani ya mita ile kwanza, na mshale utamwambia dereva kuwa betri inachajiwa kwa nguvu, kumbe ni feni inakula. Tena ampea 13 zaidi zinazunguka kupitia dashibodi bila sababu. Tulichukua umeme kwenye waya mkuu wa altaneta. Mshale ukatulia, na unasema ukweli.

Mguu 86 ulipata umeme wa funguo kupitia fyuzi ndogo ya ampea 5. Mguu 85 unakwenda kwenye swichi ya joto, ambayo ikipata moto inaunganisha hasi, relei inashika. Wapo wanaopenda feni iendelee baada ya gari kuzimwa, na kwa gari la kabureta wana hoja, kwa sababu joto la injini iliyosimama hupanda na kuchemsha petroli kwenye bakuli za kabureta, halafu gari linagoma kuwaka. Mimi nilichagua izimike na funguo. Gari hili linakaa siku nyingi bila kutembea, na kama feni haitegemei funguo, swichi ya joto ikiganda siku moja, mzee atakuta betri imekufa. Akitaka kulipoza, anaacha funguo na injini ikiunguruma dakika chache kabla ya kuzima.

Swichi ya joto tuliiweka kwenye kipande cha bomba la chuma kilichokatishwa kwenye mpira wa juu wa rejeta. Ni ya kuwaka nyuzi 92 na kuzima 87. Namba hizi zinategemea thamostati. Ya gari hili inafunguka nyuzi 82, na swichi lazima iwe juu yake kwa nafasi ya kutosha. Ukiweka swichi ya nyuzi 82 kwenye mpira wa juu, feni haitazima kamwe, kwa sababu injini inajitahidi kukaa hapohapo. Angalizo jingine: kile kipande cha bomba kimeshikwa na mpira pande zote mbili, kwa hiyo hakina mgusano na bodi. Swichi ya waya mmoja haitafanya kazi mpaka ukiletee kipande hicho waya wake wa hasi. Nimeletewa magari ambayo swichi ilibadilishwa mara kadhaa ikilaumiwa kuwa mbovu, kumbe imekosa hasi tu.

Pembeni yake, kwenye waya uleule wa mguu 85, niliunga swichi ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi ili mzee aiwashe feni mwenyewe akiona foleni, na kataa kadogo, yaani taa ya ishara, ka kumwonyesha kuwa feni inazunguka. Swichi hiyo inabeba robo ampea, kwa hiyo haitapata moto kamwe. Relei ilifungwa miguu ikitazama chini, maji ya kuoshea gari yasitulie ndani, na viungo vyote vikabanwa kwa koleo lake na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Tepu nyeusi siitumii ndani ya chumba cha injini. Kwa joto letu gundi inalainika, tepu inafunguka, na vumbi linaingia.

Altaneta ilibaki swali. Ya asili ni ya ampea 50 hivi kwenye karatasi, lakini injini ikiwa imetulia haitoi hata nusu yake kwa uhakika. Feni 13, taa za mbele 9 au 10, taa ndogo, koili, na waipa mvua ikinyesha: jumla inapita 30. Usiku, injini ikiunguruma bila kukanyagwa na vyote vimewashwa, nilipima volti 12.3 na zilikuwa zinashuka. Nilimwambia mzee ukweli kwamba mchana yuko salama, lakini kwa foleni ya usiku ya mvua betri itakuwa inaliwa. Aliondoka hivyo kwanza. Baadaye alipata altaneta ya ampea 60 yenye regyuleta (kidhibiti cha volti) ndani, tukabadilisha na waya za regyuleta ya nje, na volti zikabaki juu ya 13 hata vyote vikiwa vimewashwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa saa saba mchana, juani, boneti imefungwa, injini inaunguruma. Ukijaribu boneti ikiwa wazi unajidanganya, kwa kuwa joto linatoka juu. Feni iliwaka, mshale ukashuka, feni ikazima. Baada ya muda ikawaka tena, ikazima tena. Mapumziko hayo ndiyo niliyokuwa nayangoja. Feni isiyopumzika kamwe gari likiwa limesimama inakuambia kwamba rejeta haiwezi kazi yake au swichi imechaguliwa vibaya, na usiipuuze kwa kuwa mshale bado uko katikati.

Kisha mzee akasema twende Iringa. Njia hiyo ni kipimo cha haki. Unashuka kutoka Dodoma mpaka bonde la Mtera, karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, ambako joto linakaba, halafu unaanza kupanda milima ya Nyang'oro kwenda Iringa iliyo zaidi ya mita 1,500. Kwenye tambarare kataa hakakuwaka kabisa, na mzee alidhani kameungua. Nikamwambia aiwashe kwa swichi, kakawaka. Upepo wa barabara ulikuwa unatosha. Tulipoanza mlima tukanasa nyuma ya malori mawili yaliyopakia, gia ya pili, hakuna pa kupita. Hapo feni ikawaka. Mshale ulisogea kidogo kupita katikati, ukasimama. Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na macho yake yanatoka barabarani kwenda kwenye mshale na kurudi. Malori yalipotupisha, akakanyaga mafuta, silinda sita zikaimba, na kataa kakazima bila yeye kukagusa.

Gari huja kwangu kila kiangazi kinapokwisha. Napuliza rejeta kwa upepo kutokea upande wa injini, kwa sababu vumbi na mabawa ya wadudu vimeingia kwa mbele na vinatoka kwa kurudishwa njia vilikoingilia, na nguvu ya upepo iwe ndogo mapezi yasilale. Nachomoa soketi ya feni na kutazama kama miguu imebadilika rangi. Navuta kila kiungo kwa mkono. Napima volti kwenye feni na kulinganisha na namba niliyoandika siku ile. Tofauti ikizidi nusu volti, natafuta kiungo kilichoanza kuchoka kabla hakijapata moto.

Na kwa wanaojifungia wenyewe nyumbani: feni ya mkanda ikisimama imesimama, lakini ya umeme inaweza kuamka wakati wowote swichi ya joto ikiamua. Funguo ziwe mfukoni mwako, si kwenye gari. Na kama umeiunga ifanye kazi hata gari likiwa limezimwa, chomoa fyuzi yake kwanza ndipo uingize mkono kwenye rejeta.